Mufuko Haisemake

Mifuko mitatu ya mfano ilitoka Lubumbashi na dereva wa basi, ikalala Kolwezi usiku mmoja, kisha ikanifikia hapa Nzilo ndani ya koti la kijana wa pikipiki. Wa kwanza ulikuwa na picha ya samaki ambaye hajawahi kuogelea Lualaba tangu dunia iumbwe: mgongo wa buluu, mkia kama mwezi mchanga, jodari kabisa wa baharini. Wa pili ulikuwa umeandikwa NZIRO. Wa tatu ulipendeza mno. Tilapia wake alikuwa tilapia kweli, herufi zilikaa sawa, na chini kabisa palisomeka «Gramu 500». Wenzangu wawili wa kikundi walipouona tu wakaanza kuulizana malipo ya kwanza yatapelekwa lini.

Nikawaambia: siku nane.

Siku hizo nane nilizitumia hivi. Niliujaza mfuko wa tatu samaki wakavu, nikaupima kwenye mizani ya duka, nikaushona mdomo kwa uzi kama mfuko wa unga. Nikauangusha kutoka usawa wa kiuno mara kumi kwenye saruji, maana njia ya kwenda Kolwezi itauangusha zaidi ya hapo. Nikausugua kwa kidole chenye mafuta ya samaki nione kama wino utanifuata. Mchana nikauacha juu ya bati, usiku nikauingiza jikoni kwenye moshi. Ile miwili ya kwanza, ingawa ilikuwa vilema, niliijaza pia, nikaitia kapu moja na samaki wa zamani walioingiwa na wadudu, nione kama mdudu atapata njia.

Siku ya tatu mwenye mashine ya kuchapa alinipigia simu. Alitaka neno langu apate kuanza mifuko elfu tano.

«Mama, ni mfuko tu,» akasema.

Nimezaliwa Kolwezi, nikalelewa na mtu aliyelipwa mshahara kwa kufungua mifuko ya wengine. Katika nchi hii ya shaba sijawahi kuona kitu kinachoitwa mfuko tu.

Baba alifanya kazi Luilu, kwenye kiwanda cha kusafisha shaba na kobalti kilichoanza mwaka 1960 nje kidogo ya mji. Kazi yake kwa Kifaransa iliitwa échantillonneur. Katika kambi ya wafanyakazi hakuna aliyekuwa na ulimi wa kumaliza neno hilo, kwa hiyo akawa Baba Eshantiyo, na sisi tukawa watoto wa Eshantiyo, hata mwalimu akaniandika hivyo kwenye daftari mara moja. Kazi yenyewe ni nyepesi kuieleza na ngumu kuifanya: kuchota kidogo kinachosema kweli juu ya kingi.

Sokoni alikuwa aibu yetu. Mama alipochagua mfuko wa unga wa bukari, baba aliomba ufunguliwe, akakunja mkono wa shati, akazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, akatoa unga wa chini na kuunusa. Muuzaji alinung'unika. Sisi watoto tulitazama pembeni kama hatumjui. Yeye alipangusa mkono akasema maneno aliyoyarudia maisha yake yote, kwa Kiswahili chetu cha huku: «Mufuko haisemake kitu. Mukono njo inasema.» Unga wa juu, alituambia njiani, huwa mzuri siku zote, kwa sababu yule anayejaza mfuko naye ana macho.

Siku moja ya mapumziko alitufundisha ufundi wake uani kwa mchanga na mahindi. Alichanganya ndoo mbili, akamimina yote pahali pamoja mpaka likasimama lundo lenye ncha kama kichuguu. Akalibonyeza likawa bapa kama chapati. Akalikata kwa ubao vipande vinne, akatupa viwili vinavyoelekeana, akachanganya viwili vilivyobaki, akarudia. Tukahesabu mahindi kila mara. Lundo lilipokuwa limepungua hadi kikombe kimoja, mahindi kwa mchanga yalikuwa karibu na hesabu ile ile ya ndoo mbili. Kaka yangu alidhani ni uchawi. Baba akasema uchawi ungekuwa kuchota kikombe cha juu na kupata jibu hilo hilo.

Juu ya kabati letu palikaa msalaba mdogo wa shaba, urefu wa kiganja, uliotoka kwa bibi mzaa baba. Wageni walidhani ni wa kanisa. Ulikuwa wa umbo la alama ya kuzidisha, mikono minne karibu sawa, ile tunayoita handa. Wageni wakiondoka baba aliuchukua, akaugonga kwenye jiwe la mlango, akasikiliza mlio wake, akaurudisha. Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa alikuwa akisikiliza nini.

Maji ya Lualaba yanayotoka kwenye bwawa letu hapa Nzilo hushuka magenge ya Nzilo, yakapita Bukama, yakatawanyika katika maziwa ya Upemba. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wachimbuzi wa mambo ya kale walianza kufungua makaburi mwaka 1957: Jacques Nenquin, akafuata Jean Hiernaux, na baadaye Pierre de Maret. Katika makaburi ya kati ya karne ya 13 na ya 18 waliikuta misalaba hiyo imelazwa pamoja na wafu. Upemba haina shaba. Shaba ilitoka huku kusini, kwenye vilima vyetu vyenye mawe ya kijani, ikafuata njia za miguu na mitumbwi. Na kuna jambo moja katika makaburi hayo linalonigusa kuliko mengine yote. Misalaba ya zamani ni mikubwa na haifanani kipimo. Kadiri makaburi yanavyosogea karibu na siku zetu, misalaba inakuwa midogo, mingi, na kila mmoja kama ndugu pacha wa mwenzake. Wataalamu wanaona hapo kitu cha heshima kikigeuka kuwa pesa. Mimi naona vilevile fundi na wateja wake wakiwa wameinamia msalaba mmoja ambao bado una joto, wakiugeuzageuza, mpaka mtu mmoja anasema: huu ndio, yote imiminwe hivi.

Kazi hiyo ilifanyika kiangazi, mavuno yakiwa ghalani. Malakiti ilichimbwa na kupondwa, tanuru likajengwa kwa udongo wa kichuguu, mkaa ukachomwa, mivukuto ya ngozi ikapulizwa. Shaba ya kwanza ilitoka na taka zake, ikayeyushwa mara ya pili ndipo ikamiminwa kwenye kalibu. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, aliyeandika juu ya wafuaji hao mwaka 1926, aliwaita walaji wa shaba, kwa kufuata usemi wa wenyewe. Mzungu inabidi aelezwe. Msemaji wa Kiswahili, ambaye kwake watu hula faida, hula cheo na hula kiapo, haulizi kwa nini shaba isiliwe.

Kwa nini umbo la msalaba? Yamesemwa mengi ya imani. Maoni yangu ni ya mtu anayefunga mizigo: mikono minne inashika kamba. Kipande cha mviringo kitateleza, cha mche kitachomoka, lakini handa ukizifunga kumi kwa gome la mti zitafika Kisale zote kumi. Na zaidi ya hapo, handa haina gamba. Hakuna ndani na nje. Umbo lake ndicho kifungashio chake, na kifungashio chenyewe ni shaba. Ukitaka kujua ndani kuna nini, vunja ncha ya mkono mmoja utazame rangi, au igonge usikilize. Baba alikuwa akisikiliza hilo: mzigo usioweza kumficha mtu kitu.

Chini ya Msiri, aliyekuja kutoka Unyamwezi akajenga Bunkeya, mafundi wa Kiyeke waliivuta shaba hiyo hiyo kuwa waya mwembamba wa bangili. Waya nao ni mtihani. Shaba yenye taka hukatika njiani kabla haijawa uzi. Msiri aliuawa Desemba 1891, na miaka michache ya karne iliyofuata ilitosha kuyazima matanuru.

Baada ya hapo nchi nzima ikawa eshantiyo. Mwaka 1892 mwanajiolojia Jules Cornet alipita akiandika na kuokota mawe. Mwaka 1899 George Grey alifika kwa niaba ya Tanganyika Concessions ya Robert Williams, akazunguka kwenye mashimo ya zamani ya wenyeji, maana mashimo hayo ndiyo yalikuwa ramani yake. Mwaka 1902 mhandisi Mmarekani, John Farrell, akaja kukagua kama yaliyosemwa yanasimama. Alisema yanasimama. Mwaka 1906 ikazaliwa Union Minière du Haut-Katanga, na mwaka 1911 tanuru la Lubumbashi likatoa shaba yake ya kwanza. Waliosaini walikuwa Brussels na London, na wengi wao hawakuwahi kuikanyaga ardhi yenyewe. Waliiona kwa njia ya mawe yaliyobebwa vichwani na wapagazi, kila jiwe na karatasi yake. Wale waliochimba mashimo ya kwanza hawakuulizwa kama jiwe lililochukuliwa linafanana na yaliyobaki.

Ninaposimulia haya wenzangu hupenda nifike haraka kwenye mapipa, basi niyafikie.

Mwaka 1940, vita vikiwa vimeanza Ulaya, Edgar Sengier wa Union Minière aliamuru tani zipatazo 1,250 za mawe ya urani kutoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, zipelekwe New York. Yalisafirishwa katika mapipa ya chuma zaidi ya 2,000, yakawekwa ghalani Staten Island. Ubavuni mwa mapipa paliandikwa wazi kwamba hii ni urani, mazao ya Kongo ya Kibelgiji. Yalikaa pale. Watu wakapita, makarani wakahesabu, mvua na theluji zikaja zikaondoka. Septemba 1942 afisa wa jeshi la Marekani, Kenneth Nichols, alimwendea Sengier ofisini New York kutafuta urani, akijiandaa kwa safari ndefu ya maombi, na akakuta mzigo wote uko ng'ambo ya maji, umeandikwa jina lake. Baba aliipenda hadithi hii kwa sababu ndiyo pekee aliyoijua ambamo maandishi ya nje yalikuwa kweli tupu na hayakumsaidia mtu kwa miaka miwili. Mwisho wa mzigo ule dunia nzima inaujua, kwa majina mawili ya miji ya Japani. Mimi hadithi hii huwa hainichekeshi hata kidogo, lakini baba alikuwa mtu wa zamani, alicheka na vitu vizito.

Luilu haikuwa na siri ya namna hiyo. Shaba ilitoka kwenye matangi ya umeme ikiwa bamba pana, nyekundu kama ngozi ya kitunguu. Umeme wa kazi za namna hiyo ndio sababu bwawa letu liko hapa. Lilijengwa na Union Minière, likaanza kutoa nguvu mwaka 1952, likapewa jina la msafiri Alexandre Delcommune kabla ya kurudishiwa jina la magenge. Bamba zilipangwa juu ya nyingine, zikakazwa kwa mikanda ya chuma, zikapakiwa kwenye treni. Ukitazama furushi lile utasema ni handa tena: hakuna gunia, hakuna sanduku, shaba imefungwa kwa shaba na mkanda. Tofauti ni kwamba sasa jicho na sikio havitoshi. Soko la Metali la London, lililoanzishwa mwaka 1877, halipokei jina la kiwanda kwa sababu mwenye kiwanda ameapa. Kabla shaba yako haijaruhusiwa kuingia maghala yake, mafurushi ya mfano hupelekwa kwa wapimaji wasio wako; wanatafuta taka zinazohesabiwa kwa sehemu za milioni, na wanaivuta shaba kuwa waya kuona tabia yake. Nilipolisikia hilo la waya nilimkumbuka fundi wa Bunkeya. Alikuwa na mtihani huo huo, bila karatasi.

Baba alitoboa bamba kwa keekee, tundu hapa na tundu pale kwa mpangilio aliopewa, akakusanya vumbi la shaba linalojikunja kama nywele za mtoto. Vumbi likachanganywa, likagawanywa, likaingia bahasha tatu. Moja ya muuzaji. Moja ya mnunuzi. Ya tatu ilifungwa kwa lakiri, ikawekwa, isiguswe na mtu. Muuzaji akapima yake, mnunuzi akapima yake, na kama majibu yalikaribiana walilipana katikati. Yakipishana sana ndipo bahasha ya tatu ilipofunguliwa na mwamuzi ambaye si wa huku wala wa kule. Baba aliiheshimu bahasha ya tatu kama watu wanavyoheshimu maiti. Alisema kwamba katika miaka yake yote aliona chache mno zikifunguliwa, na kwamba ndiyo ilikuwa faida yake: kuwepo kwake tu kuliwafanya wale wawili waseme kweli.

Alinifundisha pia juu ya maji. Mzigo wa mawe au wa unga wa kobalti hauuzwi na maji yake. Unachota, unapima, unakausha kwenye tanuri la nyuzi 105, unapima tena, na kilichopotea kinatolewa kwenye hesabu ya mzigo wote. «Maji ni mwizi mpole,» alisema, «anaiba huku amekaa ndani ya mufuko.» Sikujua nitalikumbuka neno hilo kwa ajili ya samaki.

Ningependa kusema kwamba bahasha ya tatu ilirithiwa na waliokuja baadaye. Haikurithiwa. Ukitoka Kolwezi kwa njia ya Likasi utafika Musompo, soko la mawe. Kwa miaka mingi nimepita hapo na mizigo yangu ya samaki, maana wachimbaji, bacreuseurs kama tunavyowaita, ni wateja wazuri wenye njaa. Hapo kuna madepo, vibanda vya mbao na turubai, kila kimoja na mizani yake na ubao wa bei iliyoandikwa kwa chaki: asilimia fulani, faranga fulani. Mawe yanakuja katika mifuko tunayoiita rafia ingawa ni plastiki iliyofumwa. Mifuko hiyo ilikuwa na maisha mengine kabla. Mmoja ulibeba unga wa Zambia, mwingine sukari, mwingine mchele, na maandishi bado yapo. Utaona kijana ameinama chini ya mfuko wenye picha ya gunzi la muhindi ubavuni na kobalti tumboni.

Mnunuzi anafungua mdomo wa mfuko, anachota kidogo, anakielekezea mashine ndogo yenye umbo la bastola. Watu huiita Metorex, kwa jina la watengenezaji wa zamani, hata kama imetengenezwa na mwingine. Mashine inasoma kile kidogo kilicho mbele ya pua yake, kwa dakika moja au chini ya hapo, na inaandika tarakimu. Tarakimu hiyo ndiyo chakula cha familia. Kelele za Musompo nyingi zinaanzia hapo: mchimbaji anasema mashine imefundishwa kusoma chini, mnunuzi anasema mawe yamelowanishwa yawe mazito, na mara nyingi nimeona kila mmoja ana sababu ya kumshuku mwenzake. Maana wachimbaji nao wanajua kuuvalisha mfuko. Jiwe jeusi zuri linakaa juu, udongo unakaa katikati, jiwe zuri jingine linakaa chini kwa ajili ya mnunuzi mjanja anayeupindua. Ni ule unga wa sokoni alioupekua baba.

Kinachoniuma ni urahisi wa dawa yake. Turubai, koleo na ubao. Mwaga mifuko, changanya, simamisha lundo, libonyeze, kata vipande vinne, tupa viwili. Nusu saa. Gawanya kikombe cha mwisho bahasha tatu, ya tatu apewe mtu ambaye hali mezani kwa yeyote. Kongo inatoa karibu asilimia 70 ya kobalti ya dunia, na mwaka 2014 huko Kasulo watu walifikia kuichimba chini ya vitanda vyao baada ya kuigundua uani. Mwaka 2019 serikali iliunda Entreprise Générale du Cobalt ili ndiyo inunue mawe yote ya wachimbaji wadogo. Yote hayo ni makubwa. Lakini mimi ni binti wa Eshantiyo, naangalia mkono unaochota. Anayechota peke yake ndiye anayepanga bei, awe ana mashine au hana.

Watu husema mizozo hii ni ya usasa. Sikubali. Katanga ilipojitenga ilitengeneza sarafu zake mwaka 1961, za faranga moja na faranga tano, na juu yake wakachora msalaba wa shaba. Picha ya handa juu ya kipande cha metali kisicho handa. Thamani ilikuwa imehama kutoka kwenye shaba yenyewe kwenda kwenye neno la aliyeitoa, na neno hilo halikudumu hata miaka mitatu. Baba aliziweka mbili kando ya msalaba wa bibi. Hakuzigonga kwenye jiwe.

Samaki, basi. Kwa miaka mingi niliuza kwa sacheti, nikizifunga kwa mshumaa na kipande cha msumeno: unakunja plastiki juu ya meno ya msumeno, unapitisha moto, inashikana. Naishi jirani na mitambo ya megawati 108, na nilikuwa nafunga biashara yangu kwa mshumaa. Nalisema kwa kicheko, nimezoea. Amri ya Desemba 2017 ilipokataza mifuko na sacheti za plastiki, soko halikutikisika sana, hata leo utaziona zinapeperuka. Lakini mwenye duka mmoja wa mjini aliniambia atapokea samaki wetu wakija katika mfuko wa karatasi wenye jina, uzito na mahali walikotoka. Ndipo tukachanga, sisi wanawake tisa, tukatafuta mchapaji.

Siku ya nane tulikutana wote tisa. Wenye picha ya jodari na ule wa NZIRO haikuwa na mjadala, ingawa nakiri kwamba karatasi ya NZIRO ilikuwa nene kuliko zote na wadudu hawakuipenya. Mfuko wa jodari ulitobolewa kwenye mshono. Wa tatu, ule mzuri, haukupasuka katika kuanguka kwake kote. Wino haukunifuata kidoleni. Mafuta yalikuwa yametoka kidogo kwenye kona moja, doa la ukubwa wa kifungo. Wenzangu wakapiga makofi.

Nikauweka kwenye mizani. Siku ya kwanza niliujaza gramu 500 kamili, wote wameona. Mizani ikasema 460.

Kimya. Mmoja akasema mizani imechoka. Tukapima jiwe la kilo, mizani ikasema kilo. Mwingine akasema karatasi inavuja, tumrudishie mchapaji lawama. Nilitamani iwe hivyo, ingekuwa rahisi. Lakini mfuko haukupoteza samaki hata mmoja. Nilifungua mshono, nikahesabu, wote walikuwepo. Kilichotoka ni maji, na maji hayo tuliyatia sisi. Tulikuwa tunawaanika samaki siku mbili tu kwa haraka ya soko, na sacheti ya plastiki ilikuwa ikitusitiri miaka yote. Maji yalibaki ndani, mteja akayalipia, akayapika. Karatasi inapumua. Mfuko wa kwanza wa haki tulioutengeneza ulikuwa umetushitaki.

Mama mmoja mkubwa kuliko wote, ambaye mume wake pia alikuwa mtu wa Luilu, akacheka mpaka akashika ukuta. «Baba yako amekuja,» akaniambia.

Jioni nilimpigia mchapaji. Nilimwambia picha ni nzuri, herufi ni nzuri, uzi tutanunua wenyewe. Achukue unene wa karatasi ya ule wa NZIRO na sura ya ule wa tatu. Mahali palipoandikwa 500 aandike 450, na chini yake mstari mmoja: uzito wa samaki mkavu. Akasema kubadili bamba la kuchapia kuna gharama yake, na kwamba wateja wanapenda tarakimu ya mviringo. Nikamwambia gharama tutalipa. Akauliza kama basi anaweza kuanza elfu tano sasa, kwa kuwa mabadiliko ni madogo na amenielewa.

Nikamwambia atume mmoja kwanza. Sasa tunaanika siku nne, samaki wako tayari, na mfuko wa nne bado haujafika.